Uzi Mfupi Kuliko Zote

Fundi hakuwa na daftari. Mafundi wengine wote niliowahi kuwapelekea kitambaa, kule Kigoma nilikozaliwa na hapa Stockholm, wanakupima huku wakiandika. Yeye alichukua uzi mnene wa pamba, akashika ncha yake kwenye bega lako moja na kufunga fundo ulipofika bega la pili. Akaurudisha mwanzo, akauzungusha kifuani: fundo. Kiunoni: fundo. Nyonga, fundo. Mwisho urefu wa gauni lenyewe, kutoka bega mpaka unapotaka liishie, fundo la mwisho, akakata. Kwenye ncha alifunga kipande cha kitambaa chako ili ajue uzi ni wa nani, akautundika kwenye msumari.

Ukuta mzima wa chumba chake ulikuwa nyuzi. Chumba chenyewe kilikuwa chini kabisa ya jengo moja la Skärholmen, kando ya chumba cha kufulia ambacho wapangaji hukiwekea zamu, kwa hiyo ulipimwa huku mashine za watu zikinguruma ng'ambo ya ukuta. Siku za kazi alifanya usafi shuleni. Saa za alasiri na Jumamosi alikuwa wetu. Mimi nilitoka Fisksätra, treni mbili kwenda na mbili kurudi, na sikuwa wa mbali kuliko wote.

Aliyemfundisha kazi kule kwao Uvira, Kongo, hakujua kusoma, basi naye alijifunza hivyo na hakuona sababu ya kubadili. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiandike tu kama watu.

"Karatasi unaiweka, unasahau uliiweka wapi," akasema. "Hii ukuta, Mama, minaiona kila siku. Minawaona wote. Hata wewe minakuona, na vile unaendelea."

Nilikuwa ninaendelea kunenepa. Alikuwa na ulimi, Fundi, ila aliutumia kwa upole.

Neno lake kuu lilikuwa kesho. Kila kitu kilikuwa kesho. Nilimpelekea kitenge cha harusi ya shemeji yangu. Harusi ikafika, ikapita, nikaenda nimevaa sketi ya kazini. Shemeji akashika mimba, akajifungua, na gauni likanikuta kwenye ubatizo. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kiswidi wa ghorofa ya tatu aliyempa suruali ya mumewe akunje pindo. Nilikuwepo siku aliposhuka kwa mara ya nne, uso umemwiva.

"Men du sa ju i morgon!" alifoka. Si ulisema kesho!

"Ja, ja," Fundi akamjibu kwa heshima zote. "I morgon."

Na bibi akarudi tena. Sote tulirudi. Sababu ni kwamba nguo yake ikishakamilika ilikaa. Haikubana kwapani, haikupanda nyuma, haikukulazimisha kuvuta tumbo kanisani. Alijivunia jambo moja tu maishani, kwamba hakuna nguo iliyowahi kurudi kwake ifumuliwe. Pindo zake zote aliziacha nene kwa ndani, kitambaa cha akiba kila upande, na nilipomuuliza ya nini alisema mtu haombi ruhusa kwa fundi kabla ya kunenepa. Lakini hata hiyo akiba hakuna aliyewahi kuihitaji. Alikuwa amekadiria mpaka sahani zetu za mwaka ujao.

Rafiki yangu Hajjati, Mganda wa Spånga aliyekuja huku zamani kabla yetu sote, alimfokea waziwazi. "Wewe ni mutu wa bure! Idi imepita, tena imepita!" Kisha akakaa kwenye kiti cha mbao na kunywa chai yake. Fundi mwenyewe hakukaa. Chai alikunywa amesimama, mkate alikula amesimama, mgongo ameuegemeza kwenye mashine. Alikuwa mwembamba kupita kiasi kwa mtu aliyepikiwa na wanawake wengi namna ile. Tulimletea ugali na sombe, kisamvu cha kwao, kwenye vyombo vya plastiki, akashukuru, akala vijiko vitatu, akavifunika.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba hakuwaambia watoto kesho. Binti yangu alikuwa na miaka tisa nilipompeleka apimwe gauni la kwaya. Akamuuliza kwa Kiswidi, kama watoto wetu wanavyotujibu siku hizi, lini litakuwa tayari. Fundi akainama mpaka macho yao yakawa sawa, akamwambia, "Sijui, mtoto." Binti yangu akaanza kulia. Nilichukia. Mimi mtu mzima ananidanganya mchana kweupe, mtoto anamnyima hata uongo mmoja mdogo wa kumtuliza? Nilimwambia hivyo hivyo.

"Mtoto anangojea, Mama," akasema. "Mukubwa anasahau, anaenda kutumika kazi yake, anarudi. Mtoto anasimama pale pale anangojea."

Sikuelewa. Nilielewa baada ya miaka kama mitatu, siku nilipouliza habari za uzi mfupi.

Ulikuwa peke yake, kwenye msumari ulio karibu na dirisha. Ulikuwa mfupi kuliko nyuzi zote na umeingia weusi kwa kushikwa. Kwenye ncha palikuwa na kipande cha kitambaa cha bluu, kile cha sare za shule. Nikadhani ni wa mtoto fulani wa kanisani, nikauliza gauni la nani hilo. Alikuwa anakata, akaweka mkasi chini.

Ulikuwa uzi wa mdogo wake wa kike. Walikuwa wawili tu, wazazi wamekwisha kufa, na yeye ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa masista. Vita vilipofika Uvira binti alikuwa na miaka kumi na minne. Fundi alimpeleka mpaka kwenye uzio wa masista, akamwacha pale ili arudi mjini kuchukua mashine yake na nguo chache. Alimwambia, "Kesho minakuja kukuchukua." Usiku ule barabara ikakatwa. Watu walimsukuma kuelekea ziwani, akaingia kwenye boti, akateremka kwetu Kigoma, kisha kambini, kisha miaka, kisha Sweden. Uzi ulikuwa mfukoni kwa sababu alikuwa anamshonea sare mpya.

Alinieleza yote hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuelekeza kituo cha basi. Mimi ndiye niliyelia, na nikaona aibu kwa kelele zangu zote za gauni la kwaya.

Lakini si kwamba mdogo wake alikuwa amekufa. Sista mmoja mzee aliyepita Stockholm kumtembelea mtu wake ndiye aliyeleta habari, miaka michache kabla ya mimi kuuliza. Masista walimhamisha binti pamoja na wao, nchi hadi nchi, akakua kwao, akawa sista mwenyewe, na shirika lake likamtuma mbali kiasi kwamba Fundi alidhani yule mzee amechanganyikiwa. Futuna. Kisiwa cha Wafaransa katikati ya Pasifiki. Binti yangu alikitafuta kwenye kompyuta, akawa anakuza ramani, anakuza, na kioo bado ni bluu tupu. "Mamma, det finns inget där," akasema, hakuna kitu pale. Kisha kikatokea kidoa kimoja, na pembeni yake kingine.

Simu zilikuwepo, sauti tu bila picha. Walizungumza mara moja kwa mwezi, saa ya huku asubuhi na ya kule jioni. Mdogo wake hakuweza kuja, kwa sababu walikuwa masista wawili tu pale kisiwani na mwenziwe alikuwa mzee wa kuuguzwa. Kila mara Fundi alimuuliza kama yuko salama, na kila mara alijibu, "Niko muzuri, Yaya," ndivyo wanavyomwita kaka mkubwa kwao. Akimuuliza kama anakula, alijibu, "Sijabadilika hata."

Ungedhani maneno hayo yangemtuliza. Yalimkausha. "Mu simu sisi wote tuko wazuri," aliniambia. "Mi mwenyewe nilisema niko muzuri kule kambini, siku ya tatu bila kula. Anasema hajabadilika. Wakati nilimuacha alikuwa mifupa tu. Sasa hajabadilika namna gani?"

Kwa hiyo alitaka jambo moja tu, amwone kwa macho yake. Pesa ya tiketi aliiweka kidogo kidogo kama sisi sote tunavyoweka za misiba. Kilichochelewa ni pasipoti. Miaka ile yote alikuwa na kile kitabu cha kijivu cha wageni, na aliogopa akitoka nacho hatarudi, au atakwama uwanjani mahali fulani. Pasipoti ya Sweden ilipofika, nyekundu, aliitundika ukutani kwenye msumari pamoja na ule uzi mfupi. Siku ile Hajjati alipiga kigelegele, mama wa kufua nguo ng'ambo akaja kuchungulia kuna nini.

Halafu akaanza kumshonea mdogo wake gauni la usista, jeupe, na kwa mara ya kwanza nilimwona Fundi hajui la kufanya. Vipimo alivyokuwa navyo ni vya mtoto. Tulikaa chumbani wanawake watatu, mimi, Hajjati na mteja mmoja, Jumamosi nzima, tukibishana binti wa miaka kumi na minne anaongezeka wapi na kwa kiasi gani.

"Weka nafasi," Hajjati alimwambia. "Wewe weka tu nafasi."

"Masista wanafunga sana," Fundi akasema. "Na kile kisiwa iko jiwe tu mu maji. Watatoa chakula wapi?"

Alilishona jembamba. Aliacha akiba yake ya kawaida kwenye pindo, basi. Nilipoliona limening'inia nilitamani kumpinga, nikaliacha, maana lilikuwa gauni la mtu aliyemwona mara ya mwisho akiwa na njaa.

Sasa, Mkongo hasafiri mikono mitupu, na Mkongo anayekwenda kwa ndugu yake anabebeshwa na watu wote. Wakamjia kutoka kila pembe ya jiji. Unga wa muhogo kilo kumi na mbili. Ndagala wakavu, dagaa wa kwao. Sombe iliyogandishwa na kufungwa kwenye magazeti. Chupa ya mawese iliyofungwa ndani ya soksi. Wengi wao hawakuwahi kumwona huyo sista wala hawatamwona, ila habari ya mtu wa kwetu aliye na njaa kwenye jiwe katikati ya bahari ilikuwa imeenea, na kila mmoja alitaka kumtia kitu kinywani. Mimi nilipeleka dagaa wa Kigoma walionifikia wiki ile ile. Niliwafunga vizuri kabisa.

Aliondoka mwezi wa kwanza, barafu imejaa njiani, amevaa koti kubwa na chini yake shati la mikono mifupi ili asipate taabu akifika. Wiki sita hatukumsikia.

Aliporudi, binti yangu alikuwa mwaka wake wa mwisho wa shule, miaka kumi na tisa, na alihitaji gauni jeupe la siku ya kumaliza, kama wanavyovaa wote hapa wakitoka mlangoni wakiimba. Tukashuka Skärholmen Jumamosi, kitambaa kwenye mfuko, moyo wangu mimi ukiwa juu juu. Nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno ya kumpa pole.

Fundi alikuwa amekaa. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Hajjati, sahani ya wali mapajani, anakula. Hajjati alikuwa amekaa juu ya meza ya kukatia, ameshika kitambaa cha kahawia chenye michoro myeusi, anakigeuzageuza.

"Ona, hii si ni lubugo yetu!" akaniambia kabla hata ya salamu. "Nguo ya magome! Kumbe wanapiga miti hata huko!"

"Mama, keti," Fundi akasema. "Ile robe, gauni ya mudogo wangu, ilikataa."

"Ilikataa nini?"

"Ilikataa kuingia!" Akaweka sahani chini, maana alianza kucheka na wali ulikuwa unamwagika. "Ilikwama hapa, mu mabega. Nikafumua akiba. Ikakataa. Nikafumua yote, yote kabisa, Mama, hakukubaki hata kidole moja ya kitambaa. Ikakataa tena!"

Akatusimulia. Ndege tano. Nouméa, mji wa Wafaransa huko huko Pasifiki, watu wa forodha walifungua sanduku lake, wakatoa unga, sombe, mawese, na dagaa wangu, wakavipanga juu ya meza ndefu. Sheria yao haikuruhusu vitu vya shambani wala samaki. Aliwasihi kwa Kifaransa, akawaambia mdogo wake ana njaa kule Futuna. Ofisa mmoja, mwanamama wa visiwa hivyo hivyo, alimtazama kwa muda, akamuuliza, "Baba, nani amekuambia Futuna kuna njaa?" Lakini Fundi alidhani anamdhihaki. Kwenye kisiwa cha mwisho kabla ya kufika, ndege ilikuwa ndogo, na kila abiria alipandishwa kwenye mizani na mfuko wake. Miaka yote anapima watu, siku hiyo akapimwa yeye. Ilisoma kidogo sana, mwenye mizani akamwambia apande tena.

Uwanja ulikuwa nyasi na bahari. Watu walikuja na mashada ya maua, wanaume wamejifunga vitambaa viunoni. ("Fundi akienda kule atakufa na njaa," akasema. "Nguo yote ni fundo moja!") Alisimama na gauni lake mkononi akitafuta mwanamke mwembamba aliyevaa nyeupe. Hakumwona. Akaanza kuogopa. Kisha mmama mmoja mpana, mwenye mashavu, akamvisha maua shingoni na kumwambia, kwa Kiswahili cha Uvira, "Yaya, umechelewa. Chakula imepoa."

Hapo Fundi alikatisha hadithi, akajipangusa macho kwa kipande cha kitenge cha mtu.

Chakula chenyewe kilijaza meza: magimbi, nguruwe wa kuchoma, samaki, ndizi, na muhogo. "Muhogo, Mama! Kilo kumi na mbili minabeba, na kule hata nguruwe wanakula muhogo!" Alikaa chini, akala mpaka akasinzia palepale.

Nikamuuliza lile nililokuwa nikilitaka tangu mwanzo. Nikamuuliza kama alimwambia habari ya kesho.

Alimwambia siku ya tatu, barazani. Alikuwa ameyaandaa maneno hayo tangu boti ya ziwani. Mdogo wake alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa anamenya gimbi. Akasema ni kweli alisimama kwenye uzio asubuhi iliyofuata. Alisimama kwa sababu aliona kutoka pale yanayofanyika barabarani, na nani anauawa. "Nilikuwa naomba Mungu usirudi, Yaya," alimwambia. "Siku yote niliomba ile tu. Na ulivyokosa kuja, nilijua umepona."

Mashine za kufulia zilinguruma ng'ambo ya ukuta. Hajjati alisema Alhamdulillahi polepole. Mimi nilihisi kama nimetua mzigo ambao hata haukuwa wangu.

Gauni lilivaliwa hatimaye. Alinunua dukani pale kitambaa cha maua makubwa mekundu, akakitia ubavuni pande zote mbili, chini ya mikono. Sista alikwenda nalo misani Jumapili, na kila alipoinua mikono kanisa zima liliona maua. Ndiyo nguo ya kwanza ya Fundi kuwahi kufumuliwa, na sijaona mtu akijisifu kwa aibu kama yake.

Ukutani, kwenye msumari wa dirishani, uzi mfupi bado ulikuwepo na kipande chake cha bluu. Kando yake alikuwa ametundika mwingine, mpya, wenye kipande cha maua mekundu. Nikazishika zote mbili pamoja. Fundo la kiuno kwenye uzi mpya lilikuwa limepita mwisho wa uzi wa zamani.

Basi akasimama, akampima binti yangu. Bega, fundo. Kifua, kiuno, nyonga, fundo, fundo, fundo. Binti yangu akauliza, kwa Kiswidi kama siku zote, "När blir den klar, farbror?" Litakuwa tayari lini, ami? Na mimi nikajiandaa kwa lile sijui.

Fundi akainua kichwa kumtazama, maana sasa alikuwa mrefu kumzidi.

"Kesho," akamwambia.

Hajjati akaguna. Mimi nilicheka njia nzima mpaka Fisksätra, na siku ya pili nikapanda treni zangu mbili kwa sababu tu binti alinisumbua twende. Nilikuwa nimekwisha kumweleza asitegemee kitu.

Mlango ulikuwa wazi. Gauni lilikuwa limening'inia mlangoni, jeupe, limepigwa pasi, na Fundi amelala kwenye kiti, mikono kifuani. Binti yangu alilivaa nyuma ya pazia, likamkaa kama kawaida ya nguo zake. Nikalipindua kidogo kiunoni kutazama kwa ndani. Alikuwa ameacha akiba nene kuliko niliyowahi kuiona kwake, vidole vinne kila upande.